Miwani ya Siku ya Wageni

Timau,
Jumapili, baada ya kanisa.

Kwa Baba yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumaini barua hii inakukuta umekaa kwenye kiti chako cha kamba nje ya jiko, jua la Siakago likikuchoma magoti vile unavyopenda. Goti la kushoto linaendeleaje? Shangazi aliniambia kwa simu kwamba ndengu zimetoa maua na kwamba yule mbuzi mweusi amezaa mapacha, mmoja ana sikio jeupe. Nilifurahi sana. Mimi ni mzima. Neno hilo naliandika nikijua uzito wake, nawe utaelewa tukifika mbele.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu mbili. Ya kwanza unaijua. Wewe umekuwa mwalimu wa Kiswahili maisha yako yote, na ulitufundisha sisi binti zako wawili kwamba habari nzito haisemwi kwa simu, mtu amepanda juu ya kichuguu akitafuta network. Sababu ya pili utaisikia. Karatasi ni tano. Mwambie Wanja akupe uzihesabu kwa vidole kabla hajaanza, kama kawaida yako.

Na wewe Wanja, dada yangu mkubwa, najua umekuja kutoka Embu mjini kama kila Jumapili, umemletea Baba mkate, umevuta kigoda, na sasa unamsomea. Soma polepole, sauti iwe ile ile. Baba haoni, lakini mtoto akiruka mstari anamjua. Alikufundisha darasa la nne, unakumbuka alivyokuwa akigonga meza.

Baba, sijawahi kukueleza vizuri kazi yangu ya kugrade hapa shamba la maua, yaani kuyachambua kwa ubora. Waridi zikishakatwa huko greenhouse huletwa mezani kwetu ndani ya ndoo, na maji ya ndoo hizo asubuhi yanakata vidole hata ukivaa glavu. Unashika ua moja, unalinyoosha mbele yako, unaangalia urefu wa shina, unaangalia majani, unaangalia kama kuna doa la ukungu. Doa lenyewe ni dogo kama punje ya chumvi. Ua moja lenye doa likipita, sanduku zima linaweza kuoza kabla halijafika Ulaya. Kwa hiyo kazi yote ni macho, na kwa macho yangu mimi, kazi yote ni miwani.

Unakumbuka mwaka jana, kabla Kinoti hajaleta watu wake kujua boma letu, ile ziara ya kwanza ya uchumba. Kinoti ndiye yule kijana wa Nkubu, fundi wa mabomba ya maji hapa shambani, aliyekushika mkono ukasema mkono wake ni wa mtu anayefanya kazi. Wakati huo miwani yangu ilikuwa bado ile ya sekondari, imechubuka mpaka nikitazama taa naona ukungu. Nikaenda kwa daktari wa macho, akanipima, akaandika namba: minus tisa na nusu, macho yote mawili. Wanja anafanya kazi kwenye duka la miwani, yeye ndiye anayekata lenzi na kuziingiza kwenye fremu. Ningempelekea nani mwingine? Nilimpa nakala ya ile karatasi. Yenyewe niliitia ndani ya Biblia, kwa sababu ulitukataza kutupa karatasi yoyote yenye muhuri.

Kosa la kwanza lilikuwa langu, na nalisema mwenyewe kabla mtu hajalisema. Nilitaka fremu kubwa. Zile za mviringo mkubwa zinazofika mashavuni, wasichana wote wa town walikuwa nazo. Wanja alinionya.

"Wawira, na hiyo namba yako? Lenzi itatoka nene kama soli ya akala ya tairi. Chukua ndogo."

Nikakataa. Tangu darasa la tano nimeitwa Chupa, kwa miwani yangu nene. Nimeitwa Chupa shuleni, nimeitwa Chupa kanisani, hata kondakta wa gari la Kiritiri aliniita Chupa. Nilitaka siku moja tu, siku ya wageni, nikae mbele ya watu nikiwa msichana kama wengine. Nililia dukani, Baba, mtu mzima mimi. Wanja akaniangalia, akasema nimwachie.

Baada ya wiki moja akaniletea miwani. Fremu ilikuwa ile ile kubwa, na lenzi ilikuwa nyembamba. Niliigeuza upande huu na ule nisiamini. Nikamuuliza imewezekanaje.

"Hizi ni za kisasa," akasema. "Hazijafika kila mahali. Wewe vaa tu, upendeze."

Siku ya wageni niliivaa. Unakumbuka shangazi yake Kinoti, yule mama mwenye sauti nzito, alivyouliza mbele ya watu wote: "Na huyu baba macho yake yamepotea. Huyu msichana naye yake yako namna gani?" Wewe uliinamisha kichwa. Wanja ndiye aliyejibu, akiwa na chupa ya chai mkononi.

"Huyu? Miwani yake ni ya fashion tu, mama."

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Nilimpenda dada yangu siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote.

Basi nikarudi Timau na miwani yangu nzuri. Mwanzoni niliona afadhali, maana ile ya zamani ilikuwa imekwisha kabisa. Lakini afadhali hiyo haikuendelea. Doa la ukungu sikuliona mpaka nilete ua karibu na pua. Nilikuwa nikiinama mezani hivyo siku nzima, mpaka supervisor akasimama nyuma yangu.

"Wawira, unanusa ama unagrade?"

Meza nzima ikacheka. Nikampigia Wanja. Akasema macho yatazoea, lenzi za kisasa huchukua muda. Nikangoja. Sanduku langu moja likarudishwa, halafu la pili. Mwezi wa kumi nikaondolewa mezani nikapewa fagio, nifagie mashina na majani chini ya meza za wenzangu.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Nilijiambia hivi: nina miwani mpya, yenye namba kamili aliyoandika daktari, na bado sioni. Basi shida haiko kwa miwani, iko kwa macho. Na macho ni ya Baba. Wewe ulianza hivyo hivyo, ukakosa kuona watoto wa dawati la nyuma, ukanunua miwani mpya, haikusaidia, na mwishowe ukaambiwa ni presha ya macho na tumechelewa. Wa kwanza kumwambia alikuwa Wanja. Nilimwambia nataka kwenda hospitali kubwa ya Meru.

"Usiende, watakutisha bure. Njoo Embu nikupime mwenyewe, mimi si niko kwa hiyo kazi?"

Nikaenda. Akanikalisha mbele ya zile herufi za ukutani, akazima taa, akawasha taa. Akasema namba haijabadilika, labda ni mishipa. Jioni hiyo akanipeleka kwa mchungaji wake. Mchungaji aliniwekea mikono machoni, na Wanja akashika bega langu akiomba kwa sauti kuliko wote, machozi yanamtoka, akisema Bwana mrudishie dada yangu nuru. Nilimshukuru Mungu kwa kunipa dada wa namna hiyo.

Wanja, ukifika hapa, kunywa maji kwanza. Halafu endelea.

Mwezi wa kumi na moja nilimwita Kinoti nyuma ya nyumba ya pampu, nikamwambia nitakuwa kipofu kabla mtoto wetu wa kwanza hajaingia shule. Nikamwambia aende. Alisema hataenda. Alisema atanishika mkono. Nikamkumbusha lile swali la shangazi yake na jibu tulilompa, nikamwambia watu wake watasema tuliwauzia mbuzi mgonjwa. Nilimfukuza mara tatu, Baba. Mara ya tatu akaenda. Hukuwahi kusikia haya kwa sababu nilikuambia tu kwamba hatukupatana. Nilisema uongo, naomba unisamehe huo.

Halafu ikaja Krismasi, na Krismasi ndiyo iliyonifanya niandike.

Nilikuambia naona giza linakuja. Hukulia mbele yangu. Ulisema, "Basi tusipoteze wakati, nikufundishe nikiwa bado nipo." Siku nne ulinifundisha upofu. Ulinifunga leso machoni, ukanipa kikombe, ukanionyesha jinsi ya kutia ncha ya kidole kwenye ukingo ili chai isimwagike. Ulinihesabia hatua kutoka mlangoni mpaka getini, ishirini na mbili, na kutoka jikoni mpaka chooni. Ulinifundisha kukunja noti za pesa kila moja kwa namna yake. Ulinifundisha kumgeukia mtu uso anapoongea, ili asiseme nawe kama anayesema na mtoto. Niligonga mguu kwenye jiwe la kusagia, ukacheka, ukasema na wewe jiwe hilo lilikusumbua mwaka mzima.

Siku ya nne ulinishika kichwa kwa mikono miwili ukasema, "Nisamehe, mwanangu. Shamba ni mawe matupu, na hiki ndicho nilichokuachia." Hapo ndipo ulipolia.

Wanja alikuwa hapo. Alikuwa akiosha sufuria kwenye karai, hatua tano kutoka kwetu. Alisikia kila neno. Alisimama akasema anaenda kuleta kuni. Kuni zilikuwa zimejaa.

Sasa sikiliza yaliyotokea mwezi huu. Skrubu ya miwani yangu ilianguka ndani ya ndoo ya maua, mkono wa miwani ukaning'inia. Nikapata siku ya mapumziko nikashuka Meru mjini. Upande wa juu wa soko la Gakoromone, ukishapita wauza parachichi, kuna fundi wa miwani anaitwa Gitonga. Ni mzee wa makamo, miwani yake mwenyewe ameifunga na tepu. Alitia skrubu, halafu kabla ya kunirudishia akaiweka kwenye kimashine cha kusoma lenzi. Anasema huwa anafanya hivyo kwa kila miwani inayopita mkononi mwake. Akasoma, akaniangalia, akasoma tena.

"Madam, hii miwani ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Hapana. Hii ni ya mtu mwingine. Wewe unasoma Biblia imekugusa pua, na hii ni minus saba."

Nilikuwa nikisoma Biblia kweli nikimngoja; niliibeba kwa ajili ya ile karatasi yenye muhuri, fundi asije akaulizia namba. Nikaifungua mezani kwake. Tisa na nusu, macho yote mawili. Akaitazama, akaitazama miwani, akapitisha kidole kwenye ukingo wa lenzi.

"Nani alikutengenezea?"

Nikasema sijui. Nilishindwa kumtaja dada yangu mbele ya mtu nisiyemjua.

Fundi Gitonga ndiye aliyenisukuma niende kliniki ya macho kabla ya jambo lingine lolote. Daktari alinitia dawa machoni, akaangalia ndani, akapima ile presha. Baba, hakuna kitu. Nilimuuliza mara mbili, nikamweleza habari zako zote. Alisema kwa sababu ni ugonjwa wa familia niwe ninapimwa kila mwaka, lakini kwa sasa macho yangu hayana ugonjwa huo hata dalili. Ni macho ya kutoona mbali tu, yanahitaji namba yake. Nilikaa kwenye benchi la kliniki nikalia mpaka mama mmoja akanipa leso akidhani nimeambiwa mabaya.

Nilimpigia Wanja nikiwa hapo hapo. Nilimuuliza swali moja tu: lenzi ulizonitengenezea ni namba gani? Aliniuliza kwanza niko wapi. Halafu akaeleza. Alikuwa ameagiza lenzi zenye namba yangu kamili, akazijaribu kwenye ile fremu kubwa, zikatokeza nje pande zote. Akafikiria wageni. Akapunguza namba ili unene upungue. Alisema ilikuwa ya siku moja tu, angenibadilishia baadaye. Halafu nikasema macho yangu yanakufa, akaogopa, na kila wiki iliyopita ikawa ngumu zaidi kusema. Alisema alifanya kwa sababu ananipenda. Haya nimeyaweka yote, Wanja, sikuacha neno lako hata moja. Na neno lako la mwisho lilikuwa hili: "Tafadhali, usimwambie Baba."

Sijamwambia. Wewe ndiye unayemwambia sasa.

Baba, mimi nimekasirika. Ningeweza kupata maneno laini ya kanisani, lakini nimekasirika. Kunidanganya siku ya wageni ningelisamehe, maana hata mimi nilitaka uongo, niliulilia dukani. Lakini alinipima kwenye giza la duka lake huku akijua. Aliniombea huku akijua. Alikusikia ukiniomba msamaha kwa kosa usilolifanya, akaenda kutafuta kuni. Hilo sijui nilipeleke wapi.

Nilirudi kwa fundi Gitonga na namba mpya, minus kumi kasoro robo. Nikamuuliza nifanyeje na unene. Alinifundisha kwa subira, nami nikakukumbuka wewe na chaki.

"Kwa macho kama yako unene wote unakaa pembeni," alisema. "Katikati lenzi ni nyembamba tu, hata ile ya kawaida. Ukichukua fremu kubwa unabeba pembeni yote. Ukichukua ndogo, na macho yakae katikati yake, mimi nakata ule unene nautupa hapa chini. Halafu kuna aina ya lenzi yenyewe. Kuna ya kawaida, kuna iliyo nyembamba, kuna nyembamba zaidi. Lakini namba haiguswi. Fundi akigusa namba, huyo si fundi."

Alinijaribisha zote. Ile nyembamba zaidi ilikuwa nzuri machoni pa watu, lakini nikitazama taa kwa pembeni niliona utepe wa rangi, kidogo bluu, kidogo njano. Nikafikiria waridi. Nikamwambia nataka ile ya katikati, kwenye fremu ndogo ya duara.

"Na pembeni itaonekana unene kidogo," akasema. "Hujali?"

"Ionekane."

Akacheka, akaandika.

Kwa hiyo Baba, kumbe ingewezekana. Fremu ndogo tu. Wanja aliniambia hivyo siku ya kwanza, mimi nikakataa, na badala ya kunikatalia kama dada mkubwa akanipa nilichotaka. Hapo kila mmoja wetu ana sehemu yake, na yangu nimeikubali.

Nimerudishwa mezani wiki iliyopita. Supervisor alinipa ndoo moja ya majaribio, nikatoa maua kumi na moja yenye madoa, na wenzangu walikuwa wameyapitisha. Hakusema pole, alisema tu nichukue glavu. Asubuhi hiyo pia nilimwona Kinoti. Alikuwa mbali, ng'ambo ya tangi la maji, nikajua ni yeye kabla hajanijua. Zamani siku zote yeye ndiye aliyenijua kwanza. Nilimpungia mkono, naye akanipungia. Mwezi wa tatu watu wake walienda kujua boma la msichana mwingine, mwalimu wa chekechea huko kwao. Sikumweleza chochote. Ningemweleza ili iwe nini?

Sitakuja nyumbani mwezi ujao kama nilivyoahidi, nipe muda. Wanja akija kila Jumapili usimfukuze, mkate wake ule. Yeye ni mtoto wako, na nguo zako ni yeye anayezifua. Mimi ndiye nisiyeweza kuketi naye jikoni kwa sasa, na sitaki uniombe niharakishe.

Msalimie Shangazi, dada yako, anayekupikia na kukusema kila siku; mwambie sweta aliyonifumia ndiyo ninayovaa nikiandika. Msalimie jirani Mzee Nthiga anayekuletea habari za redio kama vile wewe huna redio. Msalimie katekista aliyeniombea kwa unyenyekevu bila kelele. Na yule mwanambuzi mwenye sikio jeupe asiuzwe, nataka kumwona. Nitamwona vizuri.

Wanja simsalimii kwenye barua hii.

Ndani ya kifurushi kilichokuja na barua hii, chini ya kahawa, kuna kikasha. Baba, kifungue mwenyewe. Ni ile miwani. Ishike, pitisha kidole kwenye ukingo wa lenzi, polepole, kama ulivyonifundisha kwa kikombe. Sikia jinsi ilivyo nyembamba. Huo ndio ugonjwa wangu wote, na haukutoka kwako. Lile neno la nisamehe uliloniambia Krismasi, chukua, nakurudishia, halikuwa lako kulisema.

Ukimaliza, mpe Wanja aishike. Na usimwambie kitu, mngoje aseme yeye.

Ni mimi binti yako, ninayeona,

Wawira